Kompyuta Inayomkaribisha Mgeni na Kumfukuza Papo Hapo

Miongoni mwa hitilafu za kompyuta ipo moja ambayo huwakanganya hata mafundi wenye uzoefu. Mtumiaji huandika jina lake na neno la siri. Mtambo humkubali, humwandikia maneno ya kumkaribisha, na pengine picha ya nyuma ya kioo huanza kuonekana. Kisha, kabla hajagusa kitu, mtambo humwarifu kwamba unahifadhi mipangilio yake, na kumtoa. Mtumiaji hujikuta amerudi pale pale alipoanzia, mbele ya kisanduku cha neno la siri. Akijaribu mara kumi, hukaribishwa mara kumi na kufukuzwa mara kumi.

Uzito wa jambo hili hauonekani vema katika ofisi yenye mitambo ishirini. Huonekana mahali penye mtambo mmoja. Na ichukuliwe, kwa mfano, shule ya sekondari ya kutwa upande wa Kwedizinga, katika nchi ya Wazigua, pande za Handeni na Korogwe. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ni moja. Ndani yake zimo alama za wanafunzi za mihula miwili, mitihani iliyokwisha kuchapwa lakini haijatolewa nakala, na orodha za watahiniwa wa kidato cha nne. Hitilafu inatokea juma moja kabla ya mitihani. Fundi anaitwa kutoka mjini, anautazama mtambo kwa dakika tano, na kutoa hukumu: hakuna njia ila "kupiga Windows", yaani kufuta yaliyomo na kuweka mfumo upya. Mwalimu wa taaluma akikubali, kompyuta itapona jioni ile ile, lakini alama za mwaka mzima zitakuwa zimekwenda.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo, kwa hitilafu hii hasa, ni ya haraka mno. Mtambo unaomfukuza mtu baada ya kumkubali unatoa ushahidi, kwa tendo lenyewe, kwamba sehemu yake kubwa ni nzima. Kinachotakiwa ni kuusoma ushahidi huo.

HODI NA KARIBU

Desturi ya kompyuta kumtaka mtumiaji ajitambulishe haikuwapo tangu mwanzo. Kompyuta za awali ziliendesha kazi moja baada ya nyingine, na wahudumu maalumu ndio waliozilisha kazi hizo. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na mafaili yake, ilibidi kila mtu awe na neno lake la siri. Hali hiyo ya MIT ndiyo hali ya shule nyingi hadi leo: mtambo mmoja, watu wengi, na kila mtu na kazi yake.

Kuingia katika kompyuta huonekana kama tendo moja, kumbe ni mfululizo wa matendo. Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu hubisha hodi. Mwenyeji husikiliza sauti, akaitambua, akaitikia "karibu" na kufungua mlango. Baada ya hapo mgeni huonyeshwa pa kukaa. Ikiwa sauti haikutambuliwa, mgeni hubaki nje. Lakini ikiwa mlango umefunguliwa na ndani hamna kiti wala mtu wa kumpokea, mgeni naye hana budi kugeuka na kutoka. Wageni wote wawili wamekwisha kuwa nje. Hata hivyo sababu zao ni mbalimbali kabisa, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakiona wamerudishwa mlangoni, hudhani neno la siri limeharibika. Hubadilisha neno hilo, huomba la msimamizi mkuu, hata hutafuta programu za kuvunja maneno ya siri. Juhudi zote hizo zinaelekezwa mlangoni, na mlango hauna kosa.

YANAYOTOKEA BAADA YA MLANGO KUFUNGULIWA

Katika mifumo ya Windows iliyotokana na ukoo wa NT, ulioanza kuuzwa mwaka 1993 na ambao ndani yake wamo Windows XP ya mwaka 2001 na ndugu zake wa baadaye, mlango una msimamizi wake. Ni programu iitwayo winlogon. Neno la siri likishathibitishwa, msimamizi huyu hufungua kikao kwa ajili ya mtumiaji na kupakia mipangilio yake binafsi kutoka katika faili liitwalo NTUSER.DAT. Kisha hutazama katika daftari kuu la mipangilio ya mtambo, mahali palipoandikwa Userinit, ili ajue ni programu gani ya kumkabidhi mgeni.

Katika mtambo mzima, mahali hapo pameandikwa maneno haya:

C:\Windows\system32\userinit.exe,

Programu hiyo ya userinit ndiyo mpokezi wa wageni. Huendesha maagizo ya mwanzo, huunganisha mtambo na mtandao ikiwa upo, kisha huita programu ya explorer, ambayo ndiyo huchora meza ya kazi na vitufe vyake vyote. Baada ya kumaliza kazi hiyo, userinit hujiondoa kimya kimya. Mtumiaji anaweza kutumia kompyuta kwa miaka kumi asijue kwamba ipo.

Sasa, mpokezi akikosekana, msimamizi wa mlango hubaki na kikao kisicho na kitu ndani yake. Kikao kitupu hakina kazi. Hukifunga, na kukifunga kikao maana yake ni kumtoa mtumiaji. Kwa hiyo mtambo haumkatai mtu. Unafuata kanuni yake barabara, ila umekosa kiungo kimoja katika mnyororo.

Msomaji aangalie pia mkato ulio mwishoni mwa anwani ile. Haukuwekwa kwa bahati mbaya. Mahali hapo panaweza kuandikwa programu zaidi ya moja, zikitenganishwa kwa mkato, na msimamizi ataziendesha zote. Watungaji wa programu hasidi waligundua mapema kwamba hapa ni mahali pazuri pa kujibanza. Aina mojawapo ya Zeus, programu ya wizi wa siri za benki iliyoanza kujulikana mwaka 2007, ilijiandika baada ya mkato huo kwa jina la sdra64.exe, ikawa inaamshwa kila mtumiaji alipoingia.

DAWA ILIYOZIDISHA UGONJWA

Mfano ulio wazi kuliko yote wa hitilafu hii ulitokea duniani mnamo mwaka 2004 na 2005. Programu ya matangazo iliyojulikana kwa jina la BlazeFind iliingia katika kompyuta nyingi zenye Windows XP. Haikujiongeza baada ya mkato. Ilifuta jina la userinit.exe na kuandika mahali pake jina la faili lake yenyewe, wsaupdater.exe. Mtambo uliendelea kufanya kazi, maana faili hilo ngeni lilimpokea mgeni na kuiendesha ile programu ya zamani.

Taabu ilianza pale watu walipotumia programu za kusafishia mtambo. Msafishaji aliliona faili la wsaupdater.exe, akalitambua kuwa ni hasidi, akalifuta. Alifanya haki, lakini nusu tu ya haki, kwa kuwa hakusahihisha maandishi katika daftari kuu. Mtambo ulipowashwa tena, msimamizi alisoma jina la mpokezi ambaye hayupo tena duniani. Kila aliyeingia akatolewa, pamoja na msimamizi mkuu wa mtambo. Hata kuwasha kwa ile njia ya usalama, ambayo huacha programu nyingi zikiwa zimelala, hakukusaidia, kwa sababu njia hiyo nayo husoma mahali pale pale palipoandikwa Userinit.

Tiba iliyotumika inastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Mtambo uliwashwa kwa diski ya mfumo, na kutoka katika dirisha jeusi la amri, faili zima la userinit.exe likatolewa nakala moja na kupewa jina la wsaupdater.exe. Hivyo msimamizi alipomwita mpokezi wa uongo, akaitika mpokezi wa kweli aliyevaa jina lake. Mtumiaji akaingia, akafungua daftari kuu, akasahihisha maandishi, kisha akaifuta nakala ile. Hakuna barua wala picha hata moja iliyopotea.

ANWANI ILIYOBADILIKA

Sababu ya pili haihusiani na virusi hata kidogo. Huzipata hasa kompyuta zilizotumika kwingine kabla ya kufika shuleni, au zilizobadilishiwa diski. Windows huzipa sehemu za diski herufi, na sehemu yenye mfumo kwa kawaida huwa C. Diski ikihamishiwa kwenye nyingine, yaweza kutokea kwamba mtambo unakumbuka herufi za zamani na kuipa sehemu ya mfumo herufi nyingine, tuseme D. Mafaili yote yapo, hakuna lililoguswa. Lakini daftari kuu bado linasema mpokezi yuko C, na C hayupo.

Wakazi wa Handeni wanaweza kulielewa jambo hili upesi. Mwaka 2002 wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka wilaya ya Handeni, na Songe ukawa mji wake mkuu. Songe haukuhama hata hatua moja: milima yake, nyumba zake na watu wake walibaki pale pale. Lakini karani ambaye angeendelea kuitafuta Songe katika orodha mpya ya vijiji vya Handeni asingeiona, na pengine angeirudisha barua kwa aliyeiandika. Kosa limo katika orodha. Mahali penyewe pako salama. Tiba katika hali hii ni kusahihisha kumbukumbu ya herufi, iliyo katika tawi la daftari kuu liitwalo MountedDevices, ili sehemu ya mfumo irudishiwe herufi yake.

UMEME, DISKI ILIYOJAA, NA MIFUMO MINGINE

Kituo cha kuzalisha umeme cha Hale, kinachotumia maji ya mto Pangani wilayani Korogwe, kilijengwa kwa uwezo wa megawati 21 na kuanza kazi mwaka 1964. Hata hivyo kuwa jirani na chanzo cha umeme hakuikingi shule na kukatika kwake. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, faili huweza kubaki limeandikwa nusu. Likiwa ni NTUSER.DAT ya mwalimu mmoja, mwalimu huyo peke yake ndiye atakayeshindwa kuingia au atakayepewa meza ngeni isiyo na mafaili yake, ilhali wenzake wanaingia bila shida. Likiwa ni faili la wote, wote watapatwa.

Mifumo ya jamii ya Unix, pamoja na Ubuntu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, nayo ina hitilafu inayofanana na hiyo. Mtumiaji anapoingia, mfumo hutaka kuandika faili dogo la .Xauthority katika jalada lake. Ikiwa diski imejaa hadi pomoni, au faili hilo limegeuka kuwa mali ya msimamizi mkuu kwa sababu mtu alifanya kazi kwa mamlaka yasiyo yake, mfumo hushindwa kuandika, na mtumiaji hurudishwa mlangoni. Njia ya kuingilia hapo ni kubonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, kuingia kwa maandishi matupu, na kupima nafasi iliyobaki kwa amri ya df -h. Kufuta takataka chache au kumrudishia mwenyewe faili lake hutosha.

MASWALI MATATU KABLA YA TIBA

Kabla ya kugusa lolote, mwalimu na wanafunzi wake wajiulize maswali matatu, na majibu yaandikwe.

Swali la kwanza: neno la siri la uongo linaleta jibu gani? Mtu aandike makusudi neno lisilo sahihi. Ikiwa mtambo unalikataa neno la uongo lakini unalipokea la kweli kabla ya kumtoa mtu, basi mlango ni mzima na uchunguzi uelekee ndani.

Swali la pili: anafukuzwa mtu mmoja au wote? Mmoja akifukuzwa peke yake, kosa limo katika mipangilio yake binafsi. Wote wakifukuzwa, kosa limo katika kitu wanachoshiriki wote: mpokezi, anwani yake, au herufi ya diski.

Swali la tatu: ni nini kilichobadilika mwisho? Flashi ilichomekwa? Programu ya kuua virusi ilifuta kitu? Umeme ulikatika? Diski ilibadilishwa? Jibu la swali hili mara nyingi hutaja sababu moja kwa moja.

Msomaji ataona kwamba huu ndio utaratibu wa maabara: kubadili jambo moja, kuyaacha mengine yalivyo, na kutazama matokeo.

KUOKOA KAZI KWANZA

Baada ya maswali huja uokoaji, kisha ndipo tiba. Mpangilio huu usigeuzwe. Mtambo huwashwa kwa flashi yenye mfumo wa Linux unaoendeshwa bila kupandikizwa, diski hufunguliwa, na jalada la Users hunakiliwa lote kwenye diski nyingine. Alama na mitihani ikishakuwa salama, hata tiba ikienda kombo hakuna atakayelia. Diski iliyofungwa kwa usimbaji wa BitLocker itadai ufunguo wake kwanza; kwa hiyo ufunguo huo uandikwe karatasini na kufungiwa ofisini siku mtambo unapoanza kutumika. Diski isiyofungwa, kwa upande wake, yaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye flashi kama ile, na mlango wa chumba cha kompyuta ndio kinga yake.

Tiba ya Windows hufanywa kwa kuwasha mtambo kwa flashi ya mfumo na kufungua dirisha la amri lililo katika sehemu ya ukarabati. Kwanza huhakikishwa kwamba faili la userinit.exe lipo ndani ya jalada la System32. Kisha huendeshwa programu ya regedit. Hapa pana mtego: daftari linalofunguka ni la ile flashi, si la kompyuta inayougua. Ni lazima kusimama kwenye tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE, kuchagua amri iliyoandikwa Load Hive, na kulifungua faili la SOFTWARE lililo ndani ya jalada la Windows\System32\config la diski ya mtambo, likipewa jina la muda. Ndani yake hufuatwa njia ya Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, hadi Winlogon. Maandishi ya Userinit husahihishwa yawe kama yalivyoonyeshwa juu, pamoja na mkato wake. Maandishi ya Shell yawe explorer.exe. Daftari hufungwa kwa amri ya Unload Hive, na mtambo huwashwa upya.

Mtego wa pili ni wa herufi. Ndani ya sehemu ya ukarabati, diski ya mfumo yaweza kuonekana kama D, ingawa mtambo ukiwaka wenyewe itakuwa C. Anayesahihisha anwani aandike herufi ambayo mtambo wenyewe utaitumia, asiandike ile anayoiona kwa wakati huo.

SOMO LA MWAKA 1974

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta kwenda kombo, Serikali ilipiga marufuku kuingiza mitambo hiyo nchini. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na kompyuta zimefika hadi vijijini. Lakini tabia ya kuukataa mtambo mzima kwa sababu ya kasoro moja isiyotambuliwa ingali hai. Fundi anayefuta diski nzima kwa sababu ya neno moja lililokosewa katika daftari kuu anatenda kwa tabia hiyo, na gharama yake hailipwi naye. Hulipwa na mwanafunzi ambaye alama zake hazionekani.

Shule yenye kompyuta moja haihitaji mtaalamu wa kudumu ili kujikinga. Yahitaji vitu vitatu: nakala ya kazi iliyowekwa kwenye diski ya pembeni kila Ijumaa, flashi mbili za kuwashia mtambo zilizoandaliwa mapema, na daftari la kawaida la karatasi likae kando ya kompyuta. Katika daftari hilo kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe yake na jina la aliyelifanya: flashi iliyochomekwa, programu iliyofutwa, siku umeme ulipokatika kazi ikiendelea. Siku mtambo utakapoanza kuwakaribisha watu na kuwafukuza, jibu la swali la tatu litakuwa limekwisha kuandikwa, na fundi atakayekuja na shauri la kufuta kila kitu aonyeshwe daftari hilo kwanza.